Gari Linaloondoka Kama Paka

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Juu ya duka la dawa.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu, Kiguu-na-Njia,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na kama huko ni baridi, basi zikufikie zikiwa bado na moto. U hali gani? Kifua kimepona? Mara ya mwisho kwenye simu ulikuwa ukikohoa kama lori la mchanga linalopanda mlima, ukasema ni vumbi tu. Mdogo wangu, nimekulea mimi. Nakijua kikohozi cha vumbi, na nakijua cha mtu asiyevaa soksi.

Sisi hatujambo. Nikisema hatujambo, nina maana hakuna aliyelazwa. Mgongo wangu umeshonwa kwenye cherehani pamoja na sare za shule. Nikisimama, unalia kabla yangu. Shemeji yako bado ni mtunza ghala, na bado anarudi nyumbani na vumbi la unga kwenye nyusi, kama mzee wa maigizo. Mama naye hajambo. Ule mguu wa kushoto, uliolala baada ya kiharusi, umeanza kuamka. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali anasema asikose hata mara moja, maana mguu wa namna hiyo ni kama mwanafunzi mtoro: ukimwachia siku moja tu, darasani humwoni tena.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ipo, lakini mama anataka iwekwe spika, na anayeishika ni yeye. Haya ninayokuandikia hayasemeki kwenye spika. Ni habari ya gari. Uliniambia niliuze. Sijaliuza, ingawa nilikaribia sana, na nataka ujue sababu.

Ulipotutumia lile gari ulisema, "Dada, sasa mtapumzika. Linakula umeme, linakula petroli, kote kote." Ni kweli, linakula kote kote. Ulichosahau kusema ni nani atakayekuwa analilisha.

Kila siku shemeji yako akitoka kazini huliegesha chini ya dirisha letu. Mimi nafungua dirisha la sebuleni na kuteremsha waya kama mtu anayeteka maji kisimani, yeye anaupokea chini na kuuchomeka. Kuanzia hapo sina ruhusa ya kupiga pasi. Pasi na gari vikiwaka pamoja, meinswichi inajizima, nyumba nzima giza, na mama anauliza kutoka chumbani nani amekufa. Basi sare zote nazipiga pasi asubuhi, wakati wenzangu wako sokoni. Mvua ikinyesha tunakimbilia kuuchomoa. Joto likizidi tunaushika waya kama mtu anavyoshika paji la uso la mtoto mwenye homa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wako huyu jembe halitaki, anataka kunyonyeshwa.

Lakini nisimsingizie. Siku za hospitali mama hukaa ndani yake mguu umenyooshwa vizuri, hapandi ngazi za basi, hasukumwi na mtu. Kwa hilo nilikuwa nakushukuru kila safari, hata kama hukunisikia.

Waya wetu unapita mbele ya kibao cha mwenye duka la dawa, naye hakuacha kusema. "Dada fundi, wateja wananiuliza kama duka langu limetundikiwa dripu."

"Waambie linaendelea vizuri," nikamjibu.

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari. Amelipenda tangu siku lilipofika. Kila akipita analifuta kioo kwa mkono wa shati, kama mtu anayemfuta kamasi mtoto wa jirani anayemtamani awe wake.

Halafu gari likaanza kugoma. Jioni tunalichomeka, asubuhi liko na njaa kana kwamba halikuona chakula. Shemeji yako akiliwasha tu, badala ya kuteleza kimyakimya kwa umeme kama ulivyotuahidi, injini ya petroli inanguruma papo hapo mlangoni. Petroli ikawa inaisha, na shemeji yako ananitazama kama mimi ndiye ninayeinywa. Siku moja ya hospitali tulikwama kwenye foleni ya kituo cha mafuta, tukafika mtaalamu ameshafunga chumba. Mama akakosa mazoezi. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiukanda ule mguu, na mimi nikaogopa utalala tena.

Tukamwita fundi umeme, yule tunayemwita Shoti kwa sababu kila anapopita huacha cheche. Akanusa soketi. Akaligonga gari mgongoni kama mkunga anayemcheulisha mtoto. Kisha akatoa hukumu: "Betri imezeeka, mama. Betri ni kama meno, yakishang'oka huyabembelezi kwa uji."

"Umepimaje?"

"Nimepima kwa uzoefu."

Ndipo nilipokupigia, nawe ukajibu haraka kama mtu anayefunga mlango upepo usiingie: "Liuze, dada. Nitatuma jingine." Mwenye duka akakubali hata kabla sijamaliza sentensi. Tukapatana aje Alhamisi kulichukua.

Jumatano shemeji yako alikuwa na mapumziko, gari likawa linachajiwa tangu adhuhuri. Nikatoka kununua uzi na vifungo. Duka lilikuwa limefungwa, nikarudi mapema, nikafungua mlango taratibu maana nilipitia viazi na mikono ilikuwa imejaa.

Mama alikuwa amesimama. Nasema amesimama, mdogo wangu, bila mtu wa kumshika! Mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye bakora, na ncha ya bakora ikiitafuta swichi ya soketi. Tak. Akaizima. Alipogeuka, akaniona.

"Umerudi mapema," akasema, utadhani aliyefumaniwa ni mimi.

"Mama, kumbe ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Unayezima gari."

"Mimi nimezima swichi. Gari liko chini."

Nilikaa chini na viazi vyangu. Sikukasirika, hasira nayo inataka mtu aliyelala vizuri. Nikamuuliza tu ni kwa nini, na mama, ambaye tangu tuko wadogo haombi radhi kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe, akarudi kwenye kiti chake cha dirishani, akajipanga.

"Kwani mwanangu alinitumia gari au paka? Likishiba umeme linaondoka kama paka aliyeiba samaki. Tunapita pale kwenye kona, wale wanawake wamekaa, hakuna hata mmoja anayeinua kichwa. Jioni wanakuja hapa kuniuliza: 'Bibi, kitinda mimba wako yuko wapi siku hizi? Mbona kimya?' Lakini likinguruma wanageuka wote. 'Hilo gari la mwanawe hilo.' Siku hiyo hakuna anayekuja kuniuliza kitu."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa siku zote. Jioni tukishachomeka, mimi nikiingia jikoni, yeye anazima. Alfajiri, kabla ya jogoo na kabla yangu, anawasha tena ili tukute taa ya soketi inawaka. Betri ilikuwa nzima muda wote. Shoti nilipomweleza, alisema hata hilo uzoefu wake ulikuwa umelihisi.

Nilitaka kucheka. Badala yake nikamenya viazi vyote, hata vya kesho.

Nikashuka kwa mwenye duka, nikamwambia gari haliuzwi, maana haliumwi. "Basi nani anaumwa?" akauliza. Nikamwambia ni sisi wengine. Akanipa dawa ya mgongo na bado anafuta kioo.

Sasa tuna makubaliano. Ndani ya gari kuna kitufe cha kulazimisha injini iwake hata betri ikiwa imejaa. Siku za hospitali tunatoka kimya mpaka karibu na kona, hapo shemeji yako anabonyeza, gari linaunguruma, mama anatoa mkono dirishani na kuwapungia wale wanawake kama bibi harusi. Tukishapita, injini inazimwa. Shemeji yako analalamika kwamba amekuwa dereva wa bendi, lakini nimemwona akikanyaga mafuta zaidi ya inavyotakiwa. Mama hajakosa mazoezi tena. Mtaalamu anajisifu jinsi mguu ulivyopata nguvu. Sijamwambia kwamba nusu ya kazi imefanywa na swichi. Nimempa mama cheo: kila jioni yeye ndiye wa kuinuka na kuiwasha. Kuzima ni mwiko.

Kile kitabu kilichokuja na gari nimekisoma chote, kamusi pembeni, jioni hizi nisizoruhusiwa kupiga pasi. Kuna mahali kinasema injini ikikaa mno bila kuwashwa, petroli inaharibika, kwa hiyo gari lenyewe huiwasha mara mojamoja, hata kama hakuna haja. Mahali hapo nimeparudia zaidi ya inavyomhusu mshona sare. Wewe ni mtu mzima, sitakutafunia.

Usitume gari jingine. Usitume kitu. Tangu tumzike baba hujakanyaga ngazi hizi. Mimi nimechoka, mdogo wangu. Kumwogesha mama hakunichoshi, wala kuteremsha waya. Kinachonichosha ni kuulizwa uko wapi na kujibu kwa uso wa furaha. Mama sasa ana mguu mmoja na nusu. Njoo wakati bado anaweza kukusimamia mlangoni.

Nisalimie mkeo, na yule mtoto wenu mwenye mashavu ambayo mama ameyaona kwenye simu tu. Mpe salamu binamu yetu mshona viatu kama mngali mnaonana. Shemeji yako anakusalimu. Mama anakusalimu pia, ila hajui nimekuandikia, na ukimwambia nitakukana.

Mungu akulinde, akupe riziki isiyokulaza njaa wala isiyokulaza mbali, na akukumbushe soksi.

Na siku utakayokuja, tafadhali, usije kimya. Teremka kwenye kona, pale walipokaa. Buruta sanduku lenye magurudumu mabovu kuliko yote, umwite mama kwa sauti tangu huko, ili akusikie kabla hajakuona, na wao wasikie.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa mgongo huu,

Fundi wa Dirishani