Pacha wa Zayed

Tanga, 4 Februari 2024

Mwanangu Wafa,

Assalaam alaykum. Nimefika salama, na ukitaka kujua hali yangu yaulize magoti, kwingine kote mzima. Nyie je? Mumeo Turki hajambo? Zayed bado anapiga kelele kama dalali wa mnadani? Na pacha wake, Shaima wangu, ameongeza mwili hata kidogo?

Kwanza nikugombeze. Arobaini nzima nimekukanda, nimekuchemshia maji, nimelala chini kando ya kitanda chako, sijakuacha peke yako hata ukienda msalani, kama mama yangu alivyonifanyia mimi. Halafu siku ya kuondoka unanililia kama nakutupa porini! Kuna nini? Turki amekukosea? Niandikie barua, nitaisubiri kwa dereva wa basi. Usiniambie kwenye simu. Hapa simu ikiita nyumba nzima inakuja kusikiliza, na wewe dukani huna hata pumzi na wateja.

La pili, kombe. Chupa nimekuachia kwenye kabati la vyombo. Maalim ameziandika zile aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, nikaziosha mwenyewe kwa maji ya waridi. Wape watoto vijiko viwili viwili kabla ya ziwa, kama nilivyokuwa nawapa, na Shaima umuongeze maana ni mwembamba. Ule uji mwepesi nao usiuache. Hao manesi wanaosema maziwa matupu miezi sita, wao wamelea wangapi? Wewe ulinyweshwa kombe hujatimiza wiki, na leo una duka Kariakoo.

Wabusu wote.

Mamako,
Thuraya


Kariakoo, 20 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti pole. Nikikwambia na sisi hatujambo nitakuwa nakudanganya, na kukudanganya nimechoka.

Kaa chini kwanza, Mama. Nina virusi vya UKIMWI. Mimba ilipokuwa changa nilipimwa nikaambiwa niko salama. Ilipofika miezi minane wakapima tena, wakavikuta. Turki alikuwa navyo bila kujua. Alilia mpaka nikawa mimi ndiye wa kumbembeleza! Sote wawili tunakunywa dawa, lakini mimi nilianza nimechelewa, nikajifungua virusi vikiwa bado vingi damuni. Dawa zangu nilizificha kwenye kopo la ubani ulipokuwa hapa. Ile dawa ya maji ya watoto nilikwambia ya tumbo, siyo. Ilikuwa ya kuwakinga.

Walipotimiza wiki sita walitobolewa kisigino, damu ikapelekwa maabara. Majibu yametoka. Zayed hana. Shaima anavyo.

Ameanzishiwa dawa siku ileile. Nesi ananitia moyo, anasema wako watoto wengi wa hivi wanaokua, wanasoma, wanaoa na kuolewa. Lakini amenieleza pia kwamba mtu mzima mwili wake unajua kupigana japo kidogo, unaweza kukaa miaka. Mtoto mchanga kinga yake bado haijafundwa, virusi vinamwendea mbio. Kwa hiyo na mimi niko mbio, Mama.

Kombe na uji nimevisimamisha kwa sasa. Ni utaratibu wao tu wa dawa, usijali.

Turki alinisihi nisikwambie, anaogopa ukoo. Nimeshindwa. Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Wafa


Kariakoo, 2 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yangu hukuijibu. Nilipopiga simu ulisema "tutaongea", ukampa simu mdogo wangu Husna. Husna anasema hujambo ila huli, na ukiulizwa unafoka. Kama umenikataa niambie nijue. Huku kusubiri ndiko kunakoniua.

Shaima amelazwa, ni nimonia. Amewekewa mpira wa oksijeni puani, na kifua chake, Mama, kinavyozama kila anapovuta pumzi, sitaki hata adui yangu amwone wake hivyo. Mimi na Turki tunapokezana. Dukani yupo Anuari, jirani yetu wa fremu ya pili. Zayed analetwa kunyonya, anacheka na kila mtu wodini, mnene, haelewi kitu.

Jana nilimshika Daktari Vitalis koti lake, nikamwambia hatoki hapa mpaka anijibu. Tumbo moja, ziwa moja, kwa nini huyu na si yule? Akaniuliza, "Wewe na mumeo ni ndugu?" Nikamwambia Turki ni mtoto wa baba yangu mkubwa.

Akakaa, akanieleza taratibu. Kila mtu ana alama za kurithi ndani ya mwili, nusu za mama na nusu za baba, na kinga inazitumia kumtambua adui. Virusi vilivyokaa kwangu vimeshajifunza kuzikwepa zangu. Mtoto akichukua kwa baba alama tofauti, virusi vikimwingia vinakuta askari wageni, na huenda vikashindwa. Lakini mtoto ambaye alama alizopewa na baba zinafanana na zangu, virusi vinaingia kwake kama vimerudi nyumbani. Na wazazi wakiwa ndugu kufanana huko ni rahisi zaidi. Nikamwambia mbona kwa sura Shaima ni Turki mtupu? Akasema sura haihusiki, haya ni ya ndani. Tena hajayapima kwa Shaima, anasema huenda tu, ndivyo watafiti walivyoona kwa akina mama wengine na watoto wao.

Kwa hiyo ni maumbile, Mama. Hakuna aliyefanya kitu. Nataka ulijue hilo.

Njoo. Ukifika unitukane utakavyo, lakini njoo.

Mwanao,
Wafa


Tanga, 9 Juni 2024

Wafa mwanangu,

Assalaam alaykum. Nakuuliza hali ingawa niliiona kwa macho yangu. Unakula? Usingizi unakuja? Turki naye umuulize. Mwanamume akifiwa na mtoto watu humpa mkono wakaenda zao, hakuna anayemuuliza kama amekula.

Nimemuosha Shaima kwa mikono hii na sikukwambia neno. Nilikuja na maneno mengi, nikakuta mtoto yuko kwenye pumzi za mwisho, yote yakanikauka. Sasa nayasema.

Ugonjwa wako haukunitia aibu hata punje. Hilo ulishike, na mtu asikwambie vingine. Kilichoninyamazisha ni lile neno lako, kombe nimelisimamisha, usijali. Wewe tangu lini ukaniambia nisijali? Nilikwenda zahanati kwa nesi Sabaha, akanizungusha, nikambana mpaka akasema. Mama mwenye virusi akinyonyesha, mtoto apate maziwa yake matupu miezi sita. Akichanganyiwa maji au uji, utumbo wake mchanga unachubuka, virusi vinapata njia. Wafa! Nilirudi nyumbani nikashika kalamu, nikaona ni mkono uleule ulioshika kijiko. Nikaiweka.

Basi ukaniandikia habari za kurithi. Nakushukuru mwanangu, nilikielewa ulichokuwa unakifanya. Lakini ndoa yenu nani aliipanga? Nani aliyesema mali na damu visitoke nje ya ukoo? Ukinitoa kwenye kijiko unanitia kwenye ndoa. Kote nimesimama mimi.

Husna anasema unataka nije nikusaidie, maana fremu ya duka imelala sana, na Zayed atapimwa tena akiacha ziwa. Nitakuja. Ila nina sharti: usiniache naye peke yangu. Hata ukienda kuanika nguo, mbebe uende naye. Mimi sijiamini tena na mtoto wa mtu.

Mamako,
Thuraya


Kariakoo, 30 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Umeuliza kama nakula. Nakula kwa ajili ya Zayed. Maziwa yalikuwa ya wawili, anayanywa yote peke yake. Turki anakusalimu, amerudi kufungua duka asubuhi. Zayed amepimwa tena wiki iliyopita, yuko salama, alhamdulillahi, na atarudiwa akiacha ziwa.

Barua yako niliisomea dukani. Mteja anataka vitenge, nikamwambia leo hatuuzi, akaondoka ananuna. Nililia, kisha nikapandwa na hasira. Nisikufiche, zipo siku pale wodini nilikuchukia. Namtazama Shaima na ule mpira, nakiona kijiko. Halafu nakumbuka na mimi nilikuwa palepale kitandani, nakutazama ukimnywesha, ninajua nesi alichoniambia. Nikanyamaza, kwa kuwa ningesema ungeniuliza sababu. Zayed alikunywa kombe lilelile kwa mkono uleule, na mzima. Daktari mwenyewe hajui lipi lilimmaliza mwanangu. Hatutajua, Mama. Ndivyo nitakavyozeeka, bila kujua.

Ama ndoa, hiyo usijipe sifa! Turki nilimtaka tangu tuko madrasa. Wewe ulikuja kupanga jambo lililokwisha pangwa.

Sasa sharti lako. Silikubali. Siku utakayofika nitakupokea mzigo, nitakupa maji ya kunywa, nitakuwekea Zayed mapajani. Kisha nitavaa baibui langu niende dukani mpaka alasiri, na mlango nitaufunga nikiwa nje. Utaogopa, na mimi njia nzima nitaogopa. Lakini nimebaki na mtoto mmoja na mama mmoja, siwezi kuishi nikimlinda mmoja dhidi ya mwingine.

Njoo Ijumaa.

Mwanao,
Wafa