Mama, Mlinong'ona Nini na Mkalimani?

Mama yangu,

Huko uliko sijui kama barua hufika, na kwa jinsi ninavyokujua, hata ikifika utaigeuzageuza kwanza uone nani ameifungua njiani. Igeuze tu. Ni mimi Biira, mwanao wa Bwera, na nina neno nawe tangu niliporudi India mara ya mwisho.

Wewe hukumwamini mtu. Soko zima la Mpondwe lilijua. Maharage yako yalipovushwa daraja kutoka upande wa Kongo, mdomo wa kila gunia ulikuwa umeshonwa kwa nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi, ili lisibadilishwe katikati ya msongamano wa malori na watu. Kila mfanyabiashara alikuwa na rangi yake. Lakini wewe uzi haukukutosha. Ulimfuata mpagazi kwa miguu, ukimsema kisogoni, "Weye, tembea mbele yangu. Minakuona."

Basi uvimbe ulipoota shingoni mwangu, nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari kule Kasese mjini, ulimshuku mpishi wa shule, kisha shangazi, kisha sindano ya chanjo. Madaktari wa Kampala waliposema ni saratani ya tezi za limfu, ulidai wapime upya. Wakapima upya. Dawa zikaninyonyoa nywele, uvimbe ukaisha, halafu ukarudi. Ndipo wakatuambia njia iliyobaki iko India. Huko wangenivuna seli shina na kuzigandisha, wanipe dawa kali ya kuua ugonjwa pamoja na uboho wangu wote, kisha wanirudishie seli zangu zianze kutengeneza damu mpya. Zisipopatikana za kutosha, dawa hiyo kali haitolewi.

Bwera ilituaga kwa maonyo. Eti aendaye India hurudi na figo moja. Uliwacheka mbele yao, lakini ndani ya ndege ukaniinamia sikioni. "Biira, bakikulalisha, mi minaikala pale pale."

Hospitali ilitupa mkalimani, kijana wa Kihindi aliyesema Kiswahili laini, na shikamoo juu. Ulimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Huyu alijifunza wapi Kiswahili ya mapadri?" ukaniuliza, naye anasikia. Maskini, alitabasamu tu. Alitueleza kwamba seli shina ni mbegu za damu, hukaa ndani ya mifupa, na kwamba watazivuta zitoke. Tulipobaki wawili ndipo uliposema, "Umesikia? Mbegu. Muizi ya akili haibi chakula, anaiba mbegu."

Kila asubuhi walinichoma sindano tumboni ili mbegu ziongezeke na kumwagika kwenye damu. Kiuno kiliniuma, mbavu ziliniuma, hata taya. Mtoto wa nyoka ni nyoka, mama: sikumruhusu muuguzi afungue kichupa kabla sijasoma jina langu.

Siku ya kuvuna walinitia mipira miwili shingoni na kuleta mashine kubwa pembeni ya kitanda. Damu ilitoka kwa mpira mmoja, ikazungushwa humo ndani, ikanirudia kwa mwingine, na kidogo tu ikabaki juu kwenye mfuko, rangi ya mchuzi wa nyanya uliotiwa maji. Midomo ilikufa ganzi, wakanipa vidonge vya kutafuna. Wewe ulivuta kiti mpaka magoti yakagusa mashine.

"Iko naenda wapi hii damu?"

"Inarudi kwake, mama," mkalimani alisema. "Tunabakisha mbegu tu."

"Na ikifika kule ku barafu, nani atajua ni ya Biira?"

Akakuonyesha jina langu kwenye mfuko.

"Karatasi inabanduka," ukasema.

Muuguzi alipogeuka, ukatoa kwenye pindo la kitenge chako uzi mwekundu na mweusi, ukaufunga kwenye mpira chini ya mfuko. Ukaukaza kwa fundo la gunia! Mashine ikapiga kelele, watu wakaja mbio kutoka kila mlango, nami nikajua ndio nakufa. Muuguzi alikata uzi kwa mkasi. Mkalimani hakujua acheke au alie. Mimi nilicheka hadi mpira ukanichoma shingo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu Kampala. Ukahamishiwa kiti cha mlangoni.

Jioni waliniambia mbegu ni chache. Kesho yake zikawa chache vilevile. Daktari akasema tungejaribu mara moja zaidi, na zikikosekana itabidi watafute njia nyingine. Hakusema njia gani.

Hapo ukaanza kutoka nje. Wewe uliyeapa kutobandua macho kwenye mfuko wangu ukaniachia niulinde mwenyewe. Kupitia kioo cha mlango nilikuona umemshika mkalimani mkono wa shati, mnanong'ona. Mlimaliza, mkaangalia huku na huku, mkaanza tena. Uliporudi ulikuwa umenawa uso.

"Mama, mlikuwa mnasema nini?"

"Nilimuliza choo."

Choo, mama! Baada ya wiki nzima kwenye jengo lile lile. Niliona pia pamba imebandikwa ndani ya kiwiko chako. Ukasema wamekupima presha. Tangu lini presha ikapimwa kwa sindano?

Nilihesabu uongo wako wote nikapata jibu moja tu. Kuna habari moja ambayo mama huambiwa na mgonjwa hufichwa. Nilikuwa nakufa, na wote mlijua isipokuwa mimi.

Mara ya tatu mbegu zilitosha. Wauguzi wakapiga makofi, nami nikawaona waigizaji. Sikuamini walipoanza ile dawa kali na kinywa changu kikachubuka chote. Sikuamini hata mfuko wangu ulipotolewa kwenye barafu wakanirudishia, chumba kizima kikanuka mahindi ya kuchemsha kwa ile dawa ya kugandishia. Damu ilipoanza kupanda nilidhani mnanituliza tu, nirudi nikafie kwetu.

Tuliporudi Bwera nilikuchunguza kila siku. Ulikuwa unakonda, nami nikasema moyoni, ananililia kabla sijafa. Ulisema ni vidonda vya tumbo. Ulikunywa majani machungu, macho yakawa ya manjano, ukaendelea kwenda Mpondwe hadi miguu ilipokataa. Kabla maharage ya msimu ule hayajavunwa tulikuzika wewe. Mimi niliyetarajiwa kufa nilisimama kaburini nikiwa mzima, sielewi kitu.

Nilirudi India peke yangu kupimwa. Mkalimani aliniona kwa mbali akaja mbio.

"Dada Biira! Mama hajambo? Lile ini, alianza matibabu?"

Nilikaa chini sakafuni, watu wakipita. Akaketi karibu yangu, akanieleza yote. Siku ya pili, mbegu zilipokuwa chache tena, uliwaambia wachukue zako wanipe. Wakakutoa damu waone kama tunalingana. Ndani yake wakakuta ini lako limeugua muda mrefu. Daktari alitaka kukulaza wiki ile ile, ukakataa.

"Alisema nini?" nilimwuliza.

Alikuwa amehifadhi maneno yako kama yalivyo, na kwa mara ya kwanza Kiswahili chake hakikuwa cha mapadri. "Nyumba iko na mugonjwa moja. Ile inatosha. Usiambie mutoto."

Nilimwuliza daktari kama ungepona. Alisema hawezi kujua. Yeye naye simwamini.

Siku hizi pale Mpondwe kila avukaye anapimwa joto na kunawa mikono, kwa hofu ya Ebola iliyoko upande wa Kongo, kwenu. Ungegombana nao kutwa. Wengi wanagombana nao, nami nawaelewa. Ila mama, nimekukasirikia, tena sana. Sikukosea kushuku. Kifo kilikuwa kinafichwa kweli kwenye ile korido, mimi nikakitafuta mwilini mwangu, na kumbe wewe ulipanda nacho ndege ukaketi kando yangu, ukinimenyea chungwa. Ulinifundisha nisimwamini mpagazi, wala daktari, wala karatasi. Mbona hukunifundisha kukushuku wewe?

Wanasema damu yangu ni safi. Pumzika, mama, lakini usiniharakishe kukusamehe. Nikikukasirikia nakuona umesimama mbele yangu, unanibishia.

Ni mimi mwanao, yule mgonjwa mmoja uliyeona anatosha,

Biira