Kioo cha Pembe Nane Mlangoni

Ndugu Geng, huyu jirani yangu Qiu amenifokea mbele ya majirani wote!

Nilitundika kioo cha pembe nane juu ya mlango, kirudishe mikosi inayopanda ngazi. Maana yake naijua, nimeisoma.

Qiu akatoka. "Mzee Shen, mlango wako unatazamana na wangu! Mikosi unamrudishia nani? Mke wangu anapasuliwa kesho!"

Mke wake, Geng! Aliyeniletea uji kila asubuhi nilipofiwa.

Nami nikamjibu, "Kasome kwanza." Kasome kwanza! Hebu fikiria.

Sasa naye ametundika chake, kikubwa kuliko changu, kinanielekea mimi.

Changu nimekishusha. Chake kinanikodolea macho, na kinikodolee tu, mpaka mama yule arudi nyumbani mzima.