Uzi Mumoja wa Waya wa Freni

Mujukuu wangu Asumani,

Salamu toka Kasongo. Tuko wazima, ila macho ya bibi yako yanamusumbua.

Unauliza kama waya wa freni ya kinga yako, hiyo baiskeli, unaweza kungoja, kwa kuwa umekatika uzi mumoja tu. Wakati wa Wabeleji, mimi na kaka yangu Ramazani tulikuwa na kinga moja. Uzi mumoja ulikatika. Nikaufunika kwa kipande cha mupira, nikapaka mawese juu, Ramazani asiuone, maana angenikataza kuipanda. Kesho yake akaichukua mwenyewe kwenda Wamaza. Kwenye mulima unaotelemuka mpaka mto, waya wote ukakatika.

Walimuleta kwa machela. Aliona kile kipande cha mupira, lakini hakunigombeza. Waya mupya ulipofika toka Kabambare, akasema, "Leta kinga hapa kitandani, nikuonyeshe." Nikauingiza nikilia, yeye akinielekeza polepole.

Ramazani ndiye yule babu wa fimbo, ambaye mulikuwa munaiga mwendo wake mukicheka. Mulipomuuliza habari ya mguu wake, alijibu sikuzote, "Ni ule mulima."

Haikuwa mulima, Asumani.

Babu yako