Torati ya Marehemu Mama

Februari 4

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila mgongo. Miaka mitatu kuinamia ngozi ya kuandikia si mchezo.

Torati ya kumkumbuka Mama imekwisha, nimeituma leo. Kila herufi nimeiandika kwa kalamu ya unyoya, kila neno nimelitamka kabla ya kuliandika. Siku ya kumbukumbu yake itasomwa sinagogini, ikiwa imevikwa kile kitambaa chenye jina lake.

Lakini kuna jambo sina budi kukuambia. Baba, imani imenitoka, mwaka wa pili sasa. Sabato nashinda kazini, kwenye kiwanda cha uchapaji. Nakula chochote. Kila nilipofika kwenye Jina la Mungu nilisema kama ulivyonifundisha, "Naandika kwa utakatifu wa Jina." Mdomo ulisema, moyo ulikuwa kimya. Ningenyamaza, nani angejua? Ila wewe ndiye uliyenishikisha kalamu, siwezi kukudanganya. Sema wewe la kufanya.

Mwanao wa pekee

Machi 3

Sitoi salamu. Mfiwa hasalimii mtu, na matanga niliyokaa ni yako. Siku saba nimekaa chini, shati limechanwa upande wa moyo, vioo vimefunikwa. Watu walipouliza umefia wapi, niliwajibu, "Kiwandani, siku ya Sabato."

Kwanza niliikagua hati. Siku tisa. Nilitafuta herufi moja tu iliyogusana na mwenzake, nipate sababu nyingine ya kuikataa. Sikuipata. Mkono wako umeupita wangu.

Rabi alisoma barua yako akasema, "Kijana ana mashaka tu, hajakana. Mpe muda. Ukishindwa kabisa, tuizike hati kama tunavyozika vitabu vilivyochakaa." Nikamwambia sheria naijua: Torati iliyoandikwa na mkana Mungu huchomwa. Akanishika mikono mbele ya watu, akinisihi.

Niliichoma mwenyewe, nyuma ya karakana. Ngozi haiwaki upesi; hujikunja kwanza, kama kitu kinachojificha. Ilichukua asubuhi nzima.

Usiandike tena.

Mwandishi wa Torati

Septemba 10

Baba,

Shikamoo, hata kama huitikii. Kifua kinaendeleaje? Macho je?

Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, nikakichana. Hasira imepoa sasa.

Bado sijui kama naamini. Lakini nilipokuwa mdogo uliniambia kwamba Siku ya Upatanisho Mungu husamehe yale tu tuliyomkosea Yeye. Kosa la mtu kwa mtu halifutiki mpaka umwendee uliyemkosea. Basi nakuja kwako. Nilikuumiza, tena kwa kitu cha Mama. Nimeomba likizo, nitafika katika zile siku kumi za toba zinazoishia Siku ya Upatanisho. Nitabisha. Usipofungua, nitarudi kesho yake.

Mwanao

Oktoba 2

Hujambo? Natumaini ulifika salama, na ile mvua haikukuachia homa.

Nilikuwa ndani mara zote tatu ulipobisha. Siku ya kwanza nilikuchungulia dirishani, umekonda. Siku ya pili ulisema, "Baba, nisamehe," mdomo umeuweka karibu na tundu la ufunguo, nikasikia hata pumzi zako. Siku ya tatu ulikaa kwenye ngazi ukinyeshewa, mpaka mke wa jirani yangu kinyozi akakuletea mwavuli. Alipiga mlango wangu kwa ngumi: "Mzee, mtoto analowa huku!" Nikamjibu nina kazi.

Nikufundishe jambo ambalo hatukulifikia tuliposoma pamoja. Anayeomba msamaha mara tatu akanyimwa, amemaliza wajibu wake. Kosa humhama, likamwingia aliyemnyima. Nililijua hilo ulipobisha mara ya kwanza. Nikawa nahesabu.

Kisha Siku ya Upatanisho nikafunga, sikugusa hata tone la maji. Nilisimama sinagogini na wenzangu hadi jua likatua, baragumu ikalia, watu wakakumbatiana. Rabi alinitazama, akangoja. Alikuwa amenieleza kwamba ungali katika nyumba ya wageni, mwendo wa dakika tano. Ningeweza kutuma mtu akuite. Nilikunja shali yangu ya sala nikaenda nyumbani kula.

Wewe uko safi. Mwenye dhambi ni mimi, na nimeichagua nikiwa na akili zangu timamu. Maana ningekufungulia, ningekuwa nimekubali kwamba ile Torati niliichoma bure. Hilo siliwezi.

Usirudi mwakani.

Baba yako