Darubini ya Mzee Makame

Baba,

Amani iwe nawe huko uliko. Naona haya kuanza, kama nilivyokuwa nikiona haya kila nilipotaka kukuomba kitu. Mama anadhani nashona.

Tangu utuache nimemaliza shule. Siku ile Ami Saleh alinipa halua, akanipongeza, kisha akasema sasa mimi ni mwanamwali, nikae ndani. Mama naye bado yumo edani. Basi tupo wawili huku juu, na ndugu yako yuko chini dukani, amekalia kiti chako. Nikimsikia mteja akisema saa yake inachelewa, vidole vyangu vinajikunja kama vimeshika bisibisi.

Limenitokea jambo, na sina wa kumwambia ila wewe.

Unamkumbuka Mzee Makame, yule msasi wa Makunduchi uliyekuwa ukimtengenezea bunduki. Macho yake yameanza kuingia ukungu, na nguruwe wanamaliza mihogo ya watu. Alitaka darubini ya kufunga juu ya bunduki, ya bei rahisi. Ami akampatia moja kwa mchuuzi wa bandarini. Inang'aa, huwezi kuilaumu kwa sura. Ami aliipima akiwa amesimama mlangoni mwa duka, akatazama ukuta wa pili wa kichochoro.

"N'shaitazama," alimwambia Mama nyuma ya pazia. "Nimeona mpaka nyufa za chokaa. Kioo safi."

Lakini wewe ulikuwa ukisema kichochoro chetu hakijapata kumwambia mtu kweli juu ya darubini, maana ukuta uko puani. Ndiyo maana ukizipandisha huku kwetu, kwenye dirisha linaloona mapaa mpaka kwenye maghala. Ukiniambia: "Darubini ni kama mposaji. Usitazame alivyojipamba. Mgonge kidogo, uone kama atabaki mahala pake." Nami nikificha uso, wewe ukacheka.

Ijumaa, Ami alipokwenda msikitini, nilishuka nikaichukua. Nikaifunga juu ya kigogo chako cha kupimia, nikakilaza dirishani, nikaziweka zile nyuzi mbili zinazokatana ndani ya kioo juu ya pembe ya paa la ghala. Pembeni mwa kioo paa lilijipinda kama ukambaa uliolegea. Hilo ningelisamehe. Nikazungusha skrubu ya kuzisogeza kulia, nikairudisha kama ilivyokuwa. Nyuzi hazikurudi penye pembe. Nikaigonga darubini kwa nyundo ya mti, polepole. Zikaruka zikaangukia paa jingine kabisa.

Jioni nikamwambia Ami kwamba ikigongwa inahama.

"Na wewe ukigongwa hutahama?" Alicheka, bila ubaya. "Marehemu alikudekeza, mwanangu. Mambo ya bunduki tuachie wanaume."

Asubuhi Mzee Makame akaja. Nilishuka nikasimama nyuma ya mlango, mwisho wa ngazi. Baba, wewe ulinieleza wanavyosaka: ndugu zake huingia kichakani na mbwa, wakawafukuza nguruwe kuelekea kwenye bunduki, na wao wenyewe wanakuja nyuma ya nguruwe. Nikasikia Ami akiifunga darubini kwenye karatasi. Nilikuwa sijapata kusema na mwanamume wa nje. Nikasema:

"Shikamoo, Mzee Makame. Usiichukue hiyo. Ukishapiga risasi ya kwanza nyuzi zitahama, na ya pili haitakwenda unakotazama."

"Marahaba," Mzee Makame akasema. "Nani huyo?"

"Mtoto wa marehemu," Ami akajibu, taratibu sana.

"Huyo aliyekuwa akimpimia babake huko juu?"

Ami akaendelea kuikunja karatasi.

"Basi iweke, Saleh. Heri nguruwe waile mihogo kuliko mimi kumzika ndugu yangu."

Ami hakunigombeza. Mchana nilisikia komeo likitiwa mlangoni, upande wa dukani. Nilikaa kwenye ngazi ile yenye giza mpaka Mama akaniita. Akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake. "Umesema kweli, mwanangu," akasema. "Lakini umesikika."

Sauti za wateja sasa zinanifikia kama zinatoka chini ya maji.

Jana Ami alifungua, akapanda na darubini nyingine. Aliiweka dirishani, akanipa mgongo akingoja. Niliipima kama ulivyonifundisha. Ni nzima, nikamwambia ni nzima. Akashuka, akatia komeo, na kutoka dirishani nikamsikia kichochoroni akimwambia mteja, "Nimeipima mwenyewe."

Sikujua nilie au nifurahi.

Pumzika, Baba yangu. Mola akulaze pema. Nakuahidi, akiniletea nzima nitasema nzima, na aichukue sifa. Akiniletea mbovu nitamwambia ni mbovu. Na akiteremka nayo kwenda kuiuza, nitasimama nyuma ya mlango ule uliofungwa, nimwamkie mteja.

Mwanao,
Zuleikha