Swichi Uliyoiita Mwalimu

Kolandoto

Nkwabi mwanangu,

Mama yako ameniomba nizungumze siku ya kujengea kaburi lako. Alikuja mwenyewe kutoka Samuye, akakaa barazani kwangu, tukala michembe ya viazi vitamu na karanga. Kisha akasema watu wanajua ulikuwa fundi kompyuta, lakini ni mimi tu ninayeweza kuwaeleza ulikuwa unafanya kazi gani hasa. Nikamkubalia. Ningemkatalia vipi mzazi aliyefiwa? Tangu aondoke sina raha, kwa sababu nikisimama pale nitatakiwa kukusifu, na mimi nina uchungu na wewe. Nimeona nizungumze na wewe kwanza.

Nianze na habari. Dengu zimestawi mwaka huu. Duka lako mjini Shinyanga amelichukua binamu yako, anauza makava ya simu. Lugha yetu, Kundi, bado inaishi. Watu wanaendelea kuichukua bure kama tulivyotaka, wengine katika nchi ambazo wewe na mimi hatukuwahi kufika. Mkalimani wake, ile programu inayosoma kilichoandikwa kwa Kundi na kuiambia kompyuta la kufanya, sasa namtunza mimi. Nafanya kazi polepole, nimevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Ungeniona ungecheka.

Unakumbuka jina tulivyolipata. Nilikuwa nakueleza kwamba mtu anayepeleka ng'ombe lamboni hamnong'onezi kila ng'ombe sikioni avuke barabara. Anapiga mluzi mara moja, na kundi zima linavuka. Hivyo ndivyo nilivyotaka lugha yetu iwe: unaweka namba zako kwenye safu moja, unatoa amri moja, na safu nzima inatii. Ukasema, "Basi iitwe Kundi, Mwalimu." Nilikuwa nimestaafu, naona akili yangu inaota kutu, na wewe, mwanafunzi wangu wa zamani, ukaja na kompyuta kwapani ukaniambia hisabati niliyokufundisha bado ina kazi. Uliniamsha. Hilo sitalikana hata leo.

Lakini niseme lililonileta.

Tulibishana jambo moja tu kubwa, au nilidhani tulibishana. Tuchukulie mtu ana magunia matano ya karanga na amepima uzito wa kila moja. Ana safu ya pili ya bei, lakini bei alizoandika ni nne. Akiiambia Kundi izidishe safu moja kwa nyingine, mkalimani afanye nini? Mimi nilisema akatae. Aseme safu hazilingani, mwenyewe arudi kutafuta bei iliyopotea. Wewe ulitaka safu fupi ijirudie: ikifika mwisho, ianze tena mwanzo mpaka ile ndefu iishe. Ulitoa mfano wa siku saba za wiki zikipangwa dhidi ya mvua ya mwezi mzima. Mfano ulikuwa mzuri, nilikuambia. Kisha nikakueleza mchana kutwa kwa nini ni hatari, kwamba kompyuta inayojaza pengo bila kuulizwa ni sawa na karani anayebuni hesabu ili mkubwa wake asikasirike. Ulisikiliza. Ulifuta miwani yako kwa pindo la shati. Ukasema, "Sawa, Mwalimu."

Siku iliyofuata ulichukua kompyuta yangu, ukaweka toleo jipya, ukanirudishia. Nikaandika safu ya namba tano na safu ya namba nne, nikabonyeza. Mkalimani akajibu: *Safu hazilingani.* Nilifurahi kama mtoto. Nilikuona unatabasamu, nikadhani tumefurahi pamoja.

Sasa nisikilize habari za Runzewe, maana hizi hukuzisikia.

Unamfahamu Mama Neema kwa jina, yule mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wadogo. Nilikuambia habari zake ulipokuwa umelala hospitalini, figo zimekwishachoka, mimi nimekaa kwenye kiti kando ya kitanda. Nilikuambia kikundi kina maduara mawili, yaani mashimo ya dhahabu, hawajui wachimbe lipi, na kwamba naenda kuwafundisha Kundi ili wapige hesabu ya sampuli zao wenyewe. Nikakuambia nitawahakikishia kwamba wakisahau kipimo kimoja, mkalimani atakataa, hatawadanganya. Ulitazama dari. Nilidhani ni maumivu. Kisha ukasema, "Waambie tu, Mwalimu."

Waambie tu. Nkwabi, nimeyarudia maneno hayo mpaka yamepoteza sura.

Nilikwenda Runzewe baada ya mazishi. Nilidhani ndiyo njia nzuri ya kukuomboleza. Mama Neema akaichukua Kundi mtandaoni, akaiweka kwenye kompyuta ya kikundi, nami nikawafundisha. Urefu wa kila kipande cha mwamba kwenye safu moja, kiwango cha dhahabu cha kipande hicho kwenye safu nyingine, zidisha, jumlisha, gawanya, unapata wastani wa duara zima. Wanashika haraka wale watu. Mmoja akanitania kwamba kumbe hesabu siyo kali, walimu ndio wakali. Nikawaambia, mbele ya wote, kwamba hawana haja ya kuogopa kukosea idadi, kwa sababu kifaa hiki kitakataa. Nilisema nakijua, nimekitengeneza na mwanangu.

Wakapima. Aliyekuwa akituma vipimo kwa simu akaruka urefu mmoja katikati. Hilo ni kosa la kawaida, mimi na wewe tumelifanya mara nyingi. Basi kila urefu uliofuata ukahamia kwa jirani yake, na kiwango cha mwisho, kilichobaki bila mwenzake, kikafungwa na urefu wa kwanza kabisa. Mkalimani akatoa jibu safi, bila kusita. Duara la mashariki likaonekana tajiri. Wakaliacha la magharibi, wakazama mashariki kiangazi chote. Walipata mawe matupu. Waliporudi magharibi, mvua zilishaanza, duara limejaa maji na kingo zimeporomoka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini kiangazi chao hakirudi, na waliponipigia simu sauti ya Mama Neema ilikuwa ya mtu aliyekuwa ameshanitetea kwa wenzake.

Nilikwenda. Tukaweka kompyuta mbili kwenye meza moja, yake na yangu. Nikaandika safu zilezile kwenye zote mbili. Yangu ikakataa. Yake ikajibu. Mama Neema akazitazama, kisha akanitazama mimi, akasema taratibu, "Mwalimu, mbona inakuheshimu wewe tu?"

Hakujua alichosema. Hata mimi sikujua.

Nilirudi nyumbani nikiamini ni hitilafu, nikaisaka kama ulivyonizoesha, bila pupa. Nililinganisha matoleo, yalikuwa sawa. Nikashuku namna kompyuta yake inavyosoma namba, labda alama ya desimali, haikuwa hiyo. Nikaanza kuikata programu nusu kwa nusu, nikiuliza kila nusu kama kosa liko kwake au kwa mwenzake, na kila mara nikiutupa upande usio na hatia. Unajua jinsi ninavyoipenda kazi hiyo. Niliifanya kwa furaha, Nkwabi, nikisema moyoni kwamba nasafisha jina lako. Mpaka nikafika mahali pa kulinganisha urefu wa safu, na pale nikakuta sharti fupi. Swichi ikiwa imewashwa, kataa. Ikiwa imezimwa, rudia safu fupi. Swichi ukaiita "mwalimu". Kwa watu wote duniani imezimwa. Kwenye kompyuta yangu uliiwasha kwa mkono wako.

Nilivua miwani yote miwili.

Utasema msimbo ulikuwa wazi, mtu yeyote angeweza kuusoma, hata mimi. Ni kweli. Ndiyo maana ya programu huria, mimi mwenyewe niliwafundisha hivyo watu wa Runzewe. Lakini nani anakwenda kukagua chungu alichopikiwa na mwanawe?

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Kule kwenye jukwaa ambako watumiaji wa Kundi huandika maswali, ambako nilikuwa siingii kwa sababu ulikuwa ukinisimulia wewe, nilikuta mtu wa mbali ameuliza swichi hiyo ni ya nini, kwa nini isifutwe kupunguza uchafu. Ukamjibu kwa Kiingereza chako kizuri kwamba ni ya mzee mmoja, asiiguse. Wakaelewa. Mmoja akaweka picha ya moyo. Watu ambao sitawaona maishani walijua kwamba kule Shinyanga kuna mzee anayechezewa mchezo mzuri, wakatembea kwa ncha za vidole wasiniamshe. Mimi nilikuwa nikijiita mwanzilishi mwenza.

Nimejaribu kukutetea, nakuambia kweli. Nimesema ulilelewa hivyo, na sisi wazee ndio tuliokulea hivyo: kijana hambishii namhala, mzee wake, usoni, anaitikia, halafu anakwenda kufanya linalowezekana. Nimekuona ukimfanyia baba yako hivyo kuhusu ng'ombe, akafa akiamini zizi linaendeshwa kwa amri yake. Nilicheka wakati ule. Lakini tulikuwa tunatengeneza kitu ambacho kazi yake yote ni kusema ukweli. Humo ndani hamkuwa na nafasi ya shikamoo.

Ningekasirika ungenikatalia? Labda saa moja. Ningekwenda kutazama dengu zangu, kisha ningerudi na hoja mpya. Hicho ndicho nilichokuwa nakitamani uzeeni, mtu wa kunikatalia. Nilidhani ninaye.

Nilirudi Runzewe kumweleza Mama Neema. Sikuficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, wenzake wamesimama nyuma yake na matope miguuni, na nilitegemea matusi. Aliuliza tu kama ulikuwa ukiniogopa. Nikasema hapana, alikuwa akinipenda. Akatikisa kichwa. "Shikamoo zenu hizo, Mwalimu, zitatufukia," akasema, na nyuma yake mtu akaguna. Kisha akaniuliza nitafanya nini, kwa sababu yeye ana duara la kutoa maji na hana muda wa kunililia.

Basi nimefanya hivi. Nimeingia mwenyewe kule jukwaani, na Kiingereza changu cha darasani, nikasema mimi ndiye yule mzee. Nikaeleza yaliyotokea Runzewe. Nikapendekeza mkalimani akatae kwa kila mtu. Kukawa kimya, nikadhani wanaanza tena kutembea kwa ncha za vidole. Ndipo mama mmoja, sijui wa nchi gani, akaandika kwamba ananisikitikia lakini nimekosea, kwamba kazi yake ya kila siku inategemea safu kujirudia, na akaleta mifano, migumu kweli. Nikamjibu. Akanijibu. Akanionyesha kosa katika hoja yangu ya pili, bila salamu wala pole. Mwanangu, sijafurahi hivyo tangu ufe.

Tulimaliza kwa makubaliano. Mkalimani anakataa safu zisizolingana, kwa wote. Anayetaka ya kwake ijirudie ataandika neno *rudia* kwa mkono wake, ili kila asomaye aone kwamba aliamua. Mfano wako wa siku za wiki unafanya kazi. Magunia yangu ya karanga yanafanya kazi. Ilikuwa kazi ya wiki moja na mtu nisiyemjua. Mimi na wewe, pale barazani, ingekuwa ya mchana mmoja. Jibu lilikuwa katikati yetu muda wote na wewe ulilifunika kwa kunitii.

Swichi nimeifuta. Nilitaka kuhisi kitu kikubwa, sikuhisi. Jina lako halijatoka kwenye orodha ya waandishi, nalo litabaki la kwanza, kwa sababu kazi kubwa ilikuwa yako na sitaki kuwa mwizi juu ya kuwa mzee. Kikundi cha Runzewe wameweka toleo jipya. Mama Neema alilijaribu kwanza mwenyewe, hakulipokea neno langu hivihivi, na alifanya vizuri.

Sasa siku ya kaburi. Nitavaa koti, nitasimama karibu na mama yako. Nitawaambia ulikuwa fundi ambaye sijaona mfano wake, na kwamba ulichukua hesabu za mzee aliyesahaulika ukazipeleka duniani. Hayo ni kweli. Nitawaeleza Kundi ni nini, kwa mfano wa mluzi, wataelewa. Sitasema ulikuwa mkweli kwangu. Mama yako akiniuliza baadaye kwa nini nililiruka hilo, nitamweleza yote, polepole.

Padre atauliza, kama wanavyouliza, kama kuna mwenye neno na marehemu, amsamehe ili aende salama. Watu wote wataitikia kwamba wamesamehe. Mimi nitanyamaza tu, sitaitikia. Wewe nenda salama, hilo nakuombea kwa moyo wote, na sina kizuizi nalo. Lakini msamaha bado sinao, na kukwambia ninao ili roho yako itulie kungekuwa ni kukuwekea swichi na wewe. Nakuahidi hivi: siku nitakayokuwa nimekusamehe, nitapanda gari mpaka Samuye, nitasimama mbele yako na kukutamkia. Isipofika siku hiyo, sitakuja kujifanya. Ukisikia sauti yangu hapo, ujue ni kweli.

Lala, mwanangu.

Mwalimu wako